Kupima metali kwa leza: mwongozo wa karakana, kuanzia tupa hadi asilimia

Chumvi ikimwagika kwenye jiko la gesi, moto wa buluu hugeuka njano ghafla. Njano hiyo ni sodiamu inajitaja. Kila elementi ikipata joto la kutosha hutoa rangi zake, na hakuna mbili zinazotoa seti moja ya rangi. Bunsen na Kirchhoff, wakiwa Heidelberg, walifuata rangi za namna hiyo wakagundua sesiamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Kipimo cha leza, ambacho kwenye mashine utakiona kimeandikwa LIBS, kinafuata njia ileile. Tofauti ni kwamba hapa jiko limeondolewa, na joto linatokana na pigo moja fupi mno la mwanga.

Ufupi huo ndio wenye nguvu. Chukua leza ya mezani yenye pigo la milijuli 50. Nishati hiyo inatosha kuinua sarafu ya gramu 5 kimo cha mita moja, basi. Lakini inatoka yote ndani ya nanosekunde 5, kwa hiyo kwa muda huo mfupi nguvu yake ni megawati 10. Kituo cha umeme cha Nyumba ya Mungu, Tanzania, kina megawati 8. Nguvu yote hiyo lenzi inaielekeza kwenye doa la sehemu ya kumi ya milimita. Metali iliyo hapo haipati nafasi ya kuyeyuka kwa utulivu: inaruka kama mvuke, mvuke unavunjika kuwa ioni na elektroni, na unapata kimpira cha plazma chenye joto la zaidi ya nyuzi 10,000. Kinapopoa kinang'aa kwa rangi za kila elementi iliyokuwamo. Spektromita inazitawanya rangi hizo na kuzichora kama mistari. Kinachobaki juu ya metali ni kitobo ambacho bila kioo cha kukuzia hukioni vizuri.

Mfano nitakaoutumia ni alumini chakavu inayokusanywa kwa ajili ya kusubu sufuria. Rundo moja lina fremu za madirisha, pistoni, silinda hedi, makopo ya soda, rejeta, na vipande ambavyo hakuna anayekumbuka vilitoka wapi. Humo ndimo risasi inamojificha (nasema risasi ya betri, si ya bunduki), na risasi ikishaingia kwenye chungu cha kuyeyushia haitoki tena, inakwenda jikoni kwa watu. Hatua zenyewe hazibadiliki ukipima shaba, stenlesi au jiwe.

Jambo moja liweke kichwani kabla hatujaanza: leza inasoma ngozi, haisomi nyama. Pigo moja linachimba mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu. Chochote kilichokaa juu, iwe rangi, mafuta, kutu au jasho la kiganja chako, ndicho kitakachosomwa kwanza, na mashine itakuletea jibu hilo kwa ujasiri uleule na tarakimu zilezile tatu baada ya nukta.

Hatua ya 1: Jua unauliza swali gani

Maswali ni matatu, na kila moja ni gumu kuliko lililotangulia. La kwanza: hiki ni kitu gani? La pili: ni kilekile tulichopima jana? La tatu: kina asilimia ngapi ya kitu fulani? Watu wengi hununua mashine kwa ajili ya swali la kwanza, kisha wakaanza kuitoza jibu la tatu.

Halafu jiulize kama leza ndiyo chombo chenyewe. Kama shida yako ni risasi peke yake, bunduki ya eksirei (kifaa cha mkononi kinachopima metali kwa miale ya eksirei) inafanya kazi hiyo vizuri, tena bila kitobo, na sitakudanganya kwamba leza itaipita. Leza inapata heshima yake kwenye elementi nyepesi. Lithiamu, beriliamu na kaboni bunduki ya eksirei haizioni kabisa, na magnesiamu inaiona kwa taabu. Fremu za madirisha mara nyingi ni alumini ya daraja la 6063, yenye magnesiamu ya asilimia 0.45 hadi 0.9. Daraja la 6061 lina 0.8 hadi 1.2. Kutenganisha ndugu hawa wawili ni kazi ya leza, sekunde mbili tatu kwa kipande. Ni vivyo hivyo kwa stenlesi: 304L haitakiwi kuzidi kaboni ya asilimia 0.03, na 304 ya kawaida inaruhusiwa hadi kama 0.08. Kwa macho, kwa sumaku na kwa eksirei ni kitu kimoja.

Mashine ya cheche, ile ya viwandani inayopiga umeme juu ya metali, bado ni sahihi zaidi kwa asilimia. Ila inataka gesi ya agoni, inataka kipande kinachopitisha umeme, na inaacha alama ya kuungua yenye upana wa milimita kadhaa. Leza haijali kama kitu kinapitisha umeme. Jiwe, kioo, plastiki, vyote vinang'aa.

Hatua ya 2: Macho

Leza nyingi za kazi hii ni za nanomita 1064, mwanga usioonekana. Hapo ndipo hatari ilipo. Jicho halifumbi kwa sababu halioni kitu, na lenzi ya jicho inaukusanya mwanga huo nyuma kwenye retina kama vile lenzi ya mashine inavyoukusanya kwenye metali. Retina haiumi ikiungua. Mtu anakuja kugundua baadaye kwamba kuna doa jeusi katikati ya kila anachokitazama.

Miwani ya kuchomelea haitoshi. Vaa miwani iliyoandikwa urefu wa wimbi wa leza yako pamoja na kiwango cha kuzuia, na maandishi hayo yasomeke. Vua pete na saa. Alumini iliyong'arishwa ni kioo, kwa hiyo usimweke mtu upande ambao pigo linaweza kurukia. Mashine za mkononi zina kihisio kinachozuia leza isitoke mpaka pua yake iguse kipande. Usikifunike kwa gundi ili "upime vizuri vipande vidogo", nimeliona hilo likifanyika. Zipo pia za mikononi zinazotumia karibu nanomita 1500. Mwanga huo unamezwa na sehemu ya mbele ya jicho kabla ya kufika retina, na ni afadhali, lakini afadhali hiyo haifuti miwani.

Tina na petroli viwekwe mbali. Vumbi la magnesiamu na titaniamu linashika moto. Shaba yenye beriliamu usiipige tupa wala grenda bila kinga ya pumzi, kwa sababu vumbi lake linaharibu mapafu moja kwa moja.

Hatua ya 3: Kwaruza

Hapa ndipo nitakapokuchelewesha, maana nusu ya majibu mabovu yanazaliwa hapa.

Mwaka wangu wa kwanza niliitwa kwenye karakana moja kupima rundo la fremu nyeupe. Nikafuta vumbi kwa kitambaa, nikapiga, mashine ikasema titaniamu, nyingi. Nikaandika titaniamu. Mzee wa tanuri akachungulia karatasi yangu akacheka: "Kijana, kungekuwa na titaniamu hapa, mimi nisingekuwa nasubu sufuria." Rangi nyeupe inatiwa weupe na oksidi ya titaniamu. Nilikuwa nimepima rangi, tena kwa usahihi mzuri sana.

Kwa hiyo: futa mafuta kwa alkoholi au asetoni na kitambaa kisichoachia nyuzi. Kisha toa rangi na kutu mpaka uone metali yenyewe inang'aa, eneo la ukucha wa kidole gumba linatosha. Fremu za madirisha zina tabaka la oksidi lililokuzwa kwa umeme, gumu kama kioo na halina rangi. Usidhani umefika kwa sababu unaona mng'ao.

Sasa msasa wenyewe. Msasa mweusi wa kawaida ni silikoni na kaboni. Ukiutumia kwenye alumini laini, chembe zake zinazama ndani, na silikoni yako inapanda bila sababu. Ukiutumia kwenye stenlesi unayotaka kupima kaboni, bora ungelala nyumbani. Kwa alumini mimi napenda tupa safi, iliyotengwa kwa alumini peke yake na kupigwa brashi baada ya kila kipande. Kwa stenlesi tumia diski ya zirkonia. Diski iliyokata chuma cha kawaida asubuhi isiguse alumini mchana, maana itaacha chuma na wewe utakisoma.

Ukishamaliza usipaguse. Kidole kimoja kinaacha sodiamu, potasiamu na kalsiamu, na mistari ya elementi hizo ndiyo inayong'aa kuliko yote.

Hatua ya 4: Amsha mashine na uihoji

Washa, iache ipate joto lake kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu chake. Spektromita ikipata joto au baridi inajikunja kidogo, na mistari inahama. Mhamo wa sehemu ya kumi ya nanomita unatosha kumpa manganisi jina la risasi, kama tutakavyoona.

Hoji kwa kitu unachokijua. Mimi huweka kipande cha shaba safi na kutafuta mistari yake miwili ya nanomita 324.75 na 327.40, halafu ile ya kijani ya 510.55, 515.32 na 521.82 (kila namba ya mstari kuanzia hapa ni urefu wa wimbi kwa nanomita). Ikikaa mahali pake, naendelea. Isipokaa, narekebisha kwanza. Kisha piga sampuli rejea yenye cheti, ya aina ya metali utakayopima siku hiyo, na uandike jibu kwenye daftari. Hiyo ndiyo sampuli utakayorudi kwayo jioni.

Hatua ya 5: Piga

Kwa mashine ya mkononi, bana pua wima juu ya sehemu uliyokwaruza, isiache upenyo. Kwa ya mezani, umbali kati ya lenzi na kipande ndio kila kitu. Watu wengi wenye uzoefu huweka fokasi chini kidogo ya uso wa metali, ili pigo lisianze kuvunja hewa kabla ya kufika.

Mapigo machache ya mwanzo yatupe. Yanasafisha tu. Usome yale yanayofuata.

Kama mashine yako inakuruhusu kuchagua muda wa kusoma, usisome mara pigo linapotua. Mwanzoni plazma ni jua dogo, inatoa mwanga mweupe uliofunika kila kitu. Subiri kama mikrosekunde moja, weupe upungue, mistari itokeze. Ukisubiri mno, mistari nayo inazimika.

Idadi ya madoa ni suala kubwa kuliko wengi wanavyofikiri, na risasi ndiyo mwalimu mzuri. Risasi haikubali kuchanganyika na alumini. Metali inapoganda, risasi inajitenga na kukaa vitone vitone, kama mafuta kwenye mchuzi uliopoa. Doa lako la sehemu ya kumi ya milimita linaweza kuangukia kitone ukapata kiwango cha kutisha, au likaangukia kati ya vitone ukaambiwa hakuna kitu. Majibu yote mawili ni ya kweli kwa doa hilo na ni ya uongo kwa sufuria. Piga sehemu kumi au zaidi, mbalimbali, ukiweza pande zote mbili za kipande. Usitazame wastani peke yake, tazama na jinsi majibu yanavyotawanyika. Mtawanyiko mkubwa wa risasi huku magnesiamu imetulia maana yake vitone, na mashine ni nzima.

Hatua ya 6: Soma spektra kwa macho yako

Mashine za mkononi zinakupa jina la daraja na kukuficha mistari. Tafuta kitufe kinachoifunua.

Ukifungua spektra ya alumini, yaani ule mchoro wa mistari, nenda kati ya 393 na 397. Utakuta mistari ya alumini 394.40 na 396.15, na pembeni yake, kama majirani wachunguzi, mistari ya kalsiamu 393.37 na 396.85. Kalsiamu ikiwa ndefu kwenye alumini uliyokwaruza, hujakwaruza: kuna vumbi la saruji au magamba ya maji. Hicho ndicho kipimo changu cha usafi, na hakigharimu kitu.

Mistari mingine ninayoitafuta kwenye rundo la alumini ni hii:

magnesiamu 285.21, na utatu wa kijani wa 516.7, 517.3 na 518.4
silikoni 288.16
shaba 324.75 na 327.40
zinki 468.0, 472.2 na 481.1
manganisi, utatu ulio karibu na 403
risasi 405.78, pamoja na 368.35 na 363.96
lithiamu 670.78

Sheria yangu: elementi haipo mpaka ijitokeze kwenye mistari miwili, ikiwezekana mitatu. Makopo ya soda ndiyo yaliyonifundisha. Mwili wa kopo una manganisi ya asilimia 1 hivi, na manganisi ina mistari ya 405.55 na 405.89, ikiubana kushoto na kulia ule wa risasi wa 405.78. Kwenye spektromita ya bei nafuu yote inakuwa kilima kimoja, na mashine inapiga kelele ya risasi kwenye kopo lisilo na hatia. Nenda 368.35. Pakiwa tambarare huku utatu wa manganisi umesimama kwenye 403, kopo liachie lipite.

Kaboni nayo ina mtego wake. Mstari wake wa 247.86 umekaliwa na mstari wa chuma mahali palepale, kwa hiyo kwenye stenlesi unatumika ule wa 193.09. Huo nao unamezwa na oksijeni ya hewani, ndiyo maana mashine inayopima kaboni inapuliza agoni puani. Chupa ya agoni ikiisha, kaboni yako imeisha.

Kuna pia mistari inayojimeza. Elementi ikiwa nyingi, atomu zilizo pembezoni mwa plazma, ambazo zimeshapoa, zinanyonya mwanga wa zilizo katikati. Kilele kinakuwa butu, au kinabonyea kama matandiko ya zamani. Shaba ya 324.75 inafaa sana kwa vipimo vidogo, lakini kwenye brasi haifai. Tumia 510.55 hapo.

Hatua ya 7: Kutoka mstari hadi asilimia

Urefu wa mstari peke yake haukuambii asilimia. Pigo moja lina nguvu zaidi ya jingine, uso mmoja umenyonya vizuri zaidi ya mwingine. Gawanya mstari unaoutaka kwa mstari wa metali kuu: mfano shaba 327.40 kwa alumini hafifu ya 305.7. Pigo likipungua nguvu, yote miwili inashuka, uwiano unabaki karibu palepale.

Halafu unahitaji ngazi. Tafuta sampuli rejea tano au sita za alumini zenye shaba inayojulikana, kuanzia karibu na sifuri hadi kupita kiwango unachotarajia. Pima kila moja mara kumi, chora uwiano dhidi ya asilimia, pitisha mstari. Ukiona unapinda juu, ndiyo ile ya kujimeza. Kata ngazi yako hapo. Kiwango cha chini unachoweza kudai umekiona ni mtawanyiko wa sampuli isiyo na elementi hiyo, mara tatu, gawanya kwa mteremko wa ngazi. Chini ya hapo andika "haikuonekana". Usiandike sifuri.

Ngazi ya alumini haitumiki kwenye brasi. Haitumiki vizuri hata kwenye alumini ya pistoni, yenye silikoni nyingi, kama uliijenga kwa alumini ya fremu. Kila metali inaruka na kuungua kwa namna yake, na asilimia 1 ya shaba ndani ya moja haitoi mwanga sawa na asilimia 1 ndani ya nyingine. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ina hazina ya mistari ya atomu mtandaoni, bure, na ukurasa maalumu wa kazi hii unaokuchorea spektra unayopaswa kuitarajia. Itakusaidia kutambua mistari. Asilimia bado utaitafuta kwa sampuli.

Mawe, udongo na vingine

Udongo ukaushe, usage, uuchekeche, uugandamize kuwa kidonge kwa mashini ya haidroliki, la sivyo kila pigo litalipua shimo na kurusha vumbi kwenye lenzi. Plastiki inakubali bila taabu. Vimiminika ni kero, vinaruka. Sarafu ya kale ya shaba usiipige kabisa bila ruhusa ya wenyewe, na hata ukiruhusiwa kumbuka kwamba kijani kilicho juu kimebadilika kwa karne nyingi na hakifanani na shaba ya ndani.

Kwa mawe, mfano bora uko mbali. Gari la Curiosity lilipotua Mirihi Agosti 2012 lilikuwa na leza hii kichwani, kifaa cha ChemCam kilichotengenezwa na Wamarekani pamoja na Wafaransa, chenye pigo la milijuli 14 na uwezo wa kufikia jiwe lililo mita 7. Tarehe 19 Agosti lilipiga jiwe lake la kwanza mapigo 30 kwa sekunde 10. Mirihi ina vumbi kila mahali na hakuna wa kwenda na tupa, kwa hiyo mapigo yenyewe yanafagia. Watafiti wake huyaweka kando matano ya mwanzo na kusoma yaliyobaki.

Hatua ya 8: Kufunga siku

Vumbi la metali limekuwa likitua kwenye kidirisha cha lenzi tangu asubuhi. Kifute kwa alkoholi na karatasi ya lenzi, taratibu, bila kusugua, maana chembe za alumini zinakwaruza kioo. Kisha irudie ile sampuli rejea ya asubuhi. Likitoka jibu lilelile, saini karatasi. Lisipotoka, rudi nyuma kwenye daftari utafute ni kipande gani cha mwisho ulichopima kabla mashine haijahama, na vyote vilivyofuata virudi mezani kesho, vikwaruzwe upya, hata kama mwenye tanuri amekwisha washa moto.